Mbwa gani anafaa familia isiyokaa chini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunaishi Arusha, upande wa Meru, katika nyumba yenye watoto watatu, baiskeli nne na viatu vya mbio vinavyoacha vumbi mlangoni kila siku. Tumefuga mbwa kwa miaka mingi: wa kienyeji, chotara na wa kizungu. Watu wanaotuona barabarani alfajiri tukiwa na mbwa hutusimamisha kuuliza, wengine hupiga simu, na maswali yamekuwa yaleyale. Nimeyaandika hapa yanavyoulizwa, na majibu ninayoyatoa.

Familia yetu inapenda mazoezi. Tuchukue mbwa wa aina gani?

Kabla ya aina, nieleze Jumanne yenu inavyokwenda. Karibu kila anayeniuliza hunieleza Jumamosi: tunapanda vilima, tunakimbia kilomita 10, tunaendesha baiskeli hadi Ngaramtoni. Jumamosi ni siku moja. Mbwa ataishi zaidi katika Jumanne, siku ambayo mnatoka saa 12 asubuhi kuwahi gari la shule na kurudi saa 1 usiku mkiwa mmechoshwa na foleni.

Chukua karatasi, andika siku saba za wiki, na mbele ya kila siku andika nani atatoka na mbwa, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Jina likiwa ni la dada wa kazi au la mlinzi, nenda kwanza ukamuulize kama anataka, na kama anaogopa mbwa. Nimeona nyumba ambako mbwa aliletwa Ijumaa, na Jumatatu dada akafunga mizigo yake, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia. Ikionyesha chini ya dakika 30 siku za kazi, achana na mbwa waliozalishwa kwa kazi ya kutwa, hata kama Jumamosi mnapanda mlima. Ikionyesha kama saa moja, asubuhi na jioni zikijumlishwa, milango mingi iko wazi. Saa mbili na zaidi, pamoja na mtu mwenye subira ya kufundisha, hapo ndipo tuongee habari za mbwa wa kuchunga na mbwa wa polisi.

Mbwa anayelala siku tano kisha akakimbizwa kilomita 15 Jumamosi huumia misuli kama mtu yeyote ambaye angefanya hivyo. Na siku zile tano hajatulia. Anachimba bustani, anatafuna ndala, anabwekea bodaboda mpaka jirani analalamika.

Lakini si aina ndiyo inayoamua tabia ya mbwa?

Aina huamua mwili kwa kiasi kikubwa: ukubwa, manyoya, urefu wa pua, miguu. Tabia ni habari nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, wengi wao wa Marekani, na ukaonyesha kwamba aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Nilipousoma nilikumbuka mbwa wawili wa German Shepherd tuliowahi kufuga. Mmoja hakuchoka kurudisha mpira, na mwingine aliutazama ukipita kama mtu anavyotazama daladala isiyo yake.

Kwa hiyo ukishajua aina unayoitaka, kazi bado. Nenda ukamwone mama. Tazama anavyompokea mgeni, kama anajificha, anauma au anasogea kunusa. Uliza kama baba yupo, na kama yupo mtazame anavyotembea. Kaa na watoto wa mbwa nusu saa nzima. Anayekimbilia kila kitu na kuruka juu ya wenzake si lazima awe bora kwa familia yenye watoto wadogo. Mimi humpenda yule anayeshtuka sauti kubwa inapolia, kisha anarudi mwenyewe kuangalia ni nini.

Usimchukue kabla hajafikisha wiki 8. Muuzaji mmoja alituuzia mbwa wa wiki 5 akisema tayari anakula ugali. Ni kweli alikula, lakini alikuwa hajafunzwa na mama na ndugu zake kiasi cha kuuma katika mchezo, na mikono ya watoto wangu ndiyo iliyolipa kwa miezi mingi.

Mbwa wa kienyeji anaweza kweli kukimbia nasi?

Anaweza, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinazokimbia, kutembea na kuendesha baiskeli, ndiye ninayempendekeza wa kwanza. Watu hudhani nasema hivyo kwa sababu ya bei. Nasema kwa sababu ya mwili wake.

Mwangalie vizuri mbwa wa kijijini aliyelishwa na kutibiwa. Wengi wana kilo 12 hadi 20, manyoya mafupi, kifua cha wastani, miguu mirefu, masikio yanayosimama au kukunjika kidogo, pua ndefu ya kupumulia. Hakuna mtu aliyekaa chini kumchora. Joto, umbali na njaa ndivyo vilivyomchonga, kizazi baada ya kizazi. Kule Ziwa Eyasi Wahadzabe huenda nao mawindoni. Huko Ituri, Kongo, Wambuti huwinda na mbwa wafupi wenye mkia uliojikunja, na huwafunga kengele za mti shingoni ili wasikike msituni, kwa maana hawabweki kama mbwa wengine. Mbwa hao Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930 wakawaita basenji, na leo wana vyeti na mashindano duniani kote. Jina hilo ni ndugu wa neno letu washenzi. Mbwa yuleyule ambaye hapa tunamwita koko na kumrushia jiwe, kule anauzwa kwa foleni.

Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, wakakuta utajiri mkubwa wa tofauti ndani yao. Basenji alionekana kuwa na asili ya Afrika kweli. Ridgeback, ambaye wengi tunamhesabu kuwa wa Afrika, damu yake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya nje. Utofauti huo wa damu una faida kwako: magonjwa ya kurithi yanayotokana na kupandisha ndugu kwa ndugu ni shida kubwa ya mbwa wa vyeti kuliko ya mbwa wa kijiji.

Sasa ubaya wake, maana upo. Ana akili ya kujitegemea, kwa hiyo ukimwita anafikiri kwanza. Kuku wa jirani ni windo. Ukuta wa mita moja na nusu kwake ni ngazi. Na kama hakuzoeshwa watu tangu mdogo, anaweza kuwa mwoga maisha yake yote. Dirisha la kumzoesha ni tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14, hivyo mchukue akiwa na wiki 8, na katika wiki zinazofuata mwonyeshe kila kitu: mtoto anayelia, mtu mwenye kofia, mwavuli, pikipiki, mzee mwenye mkongojo. Mbebe mikononi mpaka chanjo zikamilike.

Mbwa wetu wa sasa alitoka kwa mama mmoja wa Kisongo, nyuma ya banda la mbuzi. Ana kilo 17. Kilomita 12 za vilima anazimaliza kisha anauliza nini kinafuata.

German Shepherd je? Karibu kila nyumba yenye geti anaye.

Ni mbwa mzuri sana anapopewa maisha yake. Kapteni Max von Stephanitz alipoanza kumjenga Ujerumani mwaka 1899 alitaka mbwa wa kutembea na kondoo kutwa nzima, anayesikiliza na kuamua. Kwetu tumemgeuza kuwa kengele ya geti: anafungiwa bandani mchana, anafunguliwa usiku. Kufunguliwa uani si mazoezi. Atazunguka mara tatu, atakojoa, atalala, na nguvu zote zitabaki ndani. Ndipo mtu anasema mbwa wangu ni mkali. Mara nyingi huyo ni mbwa ambaye hajatoka getini tangu aletwe.

Kwa familia inayotoka kila siku, anafaa. Angalia mambo mawili. Kwanza nyonga: aina hii ina tatizo la kurithi la nyonga zisizokaa vizuri kwenye tundu lake. Muuzaji mwenye picha za eksirei za wazazi ni wa kushika mkono, lakini kwetu ni adimu, kwa hiyo mtazame mama na baba wakitembea na kupanda ngazi. Mgongo ulioteremka sana nyuma, kama fisi, kwangu ni sababu ya kuondoka. Pili joto: ana manyoya mawili, ya juu na ya chini. Arusha, Nairobi au Mbeya ataenda vizuri alfajiri. Pwani mtoe kabla jua halijachomoza, na baada ya hapo ni kivuli na maji.

Nimemwona Husky wa jamaa yangu Dar es Salaam. Anaonekana yuko sawa. Ninunue?

Hapana.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto huitoa kwa kuhema, yaani kwa kukausha maji ulimini na puani. Hewa ikiwa na unyevu kama ya Dar, Tanga au Mombasa, maji hayakauki upesi, na kuhema kunakuwa kazi bure. Mbwa aliyezalishwa kuvuta mikokoteni ya theluji Siberia anavaa blanketi mbili katika hali hiyo. Jamaa yako pengine anamweka kwenye kiyoyozi, maana yake mbwa aliyezaliwa kukimbia anaishi sebuleni. Siyo kosa la mbwa, wala si maisha ya familia inayotaka kutoka naye.

Vivyo hivyo kwa wenye pua fupi: Bulldog, Pug, na kwa kiasi fulani Boxer. Hata jotoridi la kawaida huwashinda wakikimbia.

Jua dalili, kwa mbwa yeyote. Joto la mwili la kawaida ni kama 38 hadi 39.2. Likipita 41 ni hatari ya kifo. Anahema bila kukoma, ufizi mwekundu sana, mate mazito, anayumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kunywa, na uende kwa daktari wa mifugo huku ukiendelea kumpoza. Usisubiri kuona kama atapata nafuu.

Tunakimbia mbio ndefu. Ridgeback anatufaa?

Kama mna nafasi na mkono imara, ndiyo. Vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, kutokana na mbwa wa walowezi waliochanganyika na mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, wenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Kazi yake ilikuwa kumkabili simba na kumzuia mahali pamoja mpaka mwindaji afike, kwa hiyo ana pumzi, ana kasi, na ana moyo. Manyoya ni mafupi, joto analivumilia. Dume hufika kilo 36 au zaidi.

Huchelewa kukomaa. Mpaka miaka miwili ni mtoto katika mwili wa ndama, na mtoto wako wa miaka minne ataangushwa mara nyingi bila ubaya wowote. Akiona swala au mbuzi anakimbia kwanza, anakusikia baadaye, kwa hiyo kamba ni ya lazima. Ukienda kumchagua, pitisha vidole polepole katikati ya mgongo na shingo ya kila mtoto. Aina hii hurithi kasoro ya tundu jembamba linaloingia kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, wakati mwingine karibu na uti wa mgongo, ambalo huingiza uchafu na kutunga usaha. Ukihisi kauzi kagumu chini ya ngozi, mwulize daktari kabla ya kulipa.

Na Labrador kwa watoto?

Anafaa, hasa nyumba ya kuogelea na kurusha mpira. Shida yake ni tumbo. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walikuta kwamba takriban robo ya Labrador wana kasoro ya jeni inayowafanya wasisikie kushiba. Watoto wanaomdondoshea chapati wanamwongezea uzito unaovunja viungo vyake. Pima chakula kwa kikombe kilekile kila siku, mtu mmoja awe mlishaji, na mbavu zake uweze kuzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Boerboel, Rottweiler?

Ni walinzi wazito. Watatembea nanyi, hawatakimbia nanyi kilomita nyingi. Kama familia yenu ni ya mbio, tafuteni mwingine.

Nimeona video za Malinois, yule mbwa wa polisi wa Ubelgiji, na Border Collie wakifanya maajabu. Tunaweza?

Maajabu hayo yana mtu nyuma ya kamera anayefanya kazi hiyo kila siku. Usa River, hapa jirani yetu, shirika la wanyamapori la AWF lilianza mwaka 2014 kufundisha mbwa wanusao pembe za ndovu na nyara nyingine kwenye viwanja vya ndege na bandari. Ukiona mwongozaji na mbwa wake, unaona watu wawili wa kazi moja: wanafuata ratiba moja, wanapumzika pamoja. Border Collie naye ametoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti, kwa wachungaji. Akikosa kondoo atachunga watoto, atawauma visigino wakikimbia, atachunga magari.

Kilomita hazimtoshi, maana kinachomchosha ni kufikiri. Kama kuna mtu nyumbani anayefurahia kufundisha jambo jipya kila wiki kwa miaka 12, mwite mkufunzi, anza naye. Kama hayupo, usimchukue kwa sababu ya video.

Tunaishi ghorofani. Hatuna uwanja.

Uwanja si kigezo kikubwa kama watu wanavyofikiri. Mbwa wa ghorofani anayetolewa mara tatu kwa siku hupata mazoezi kuliko wa eka moja asiyetolewa. Vigezo vyenu ni kelele, ngazi na majirani. Jack Russell ni mdogo lakini alizalishwa kumfukuza mbweha shimoni, kwa hiyo ana nguvu za mbwa watatu na sauti ya wanne. Msichukue kwa kudanganywa na kimo chake. Mbwa wa kienyeji mwembamba, jike, wa kilo 12 au 13, hukaa vizuri sana ndani akishatembezwa. Soma mkataba wa nyumba kwanza.

Mtoto wa mbwa aanze kukimbia lini?

Hili naomba ulisome polepole, maana sisi tulilikosea na mbwa alilipa.

Mbwa wetu wa kwanza alikuwa na miezi mitano, anaruka, anavuta kamba, na tulidhani furaha yake ni ruhusa. Tulimkimbiza kilomita 5 kwenye lami siku nne kwa wiki. Mwezi wa pili akaanza kuinua mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba karibu na ncha za mifupa ya mtoto wa mbwa kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na sehemu hizo hufunga akiwa na mwaka mmoja hivi kwa mbwa wadogo na wa kati, hadi mwaka na nusu kwa wakubwa. Mpaka hapo, kugongagonga lami kwa mwendo mmoja usiobadilika kunaweza kuziumiza kabisa. Mguu ule ulipona nusu. Alichechemea kila msimu wa baridi hadi uzee wake.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni wa majani na udongo. Acha akimbie mwenyewe, asimame mwenyewe, anuse, alale. Mfundishe kutembea bila kuvuta, kuja akiitwa, kukaa kando baiskeli inapopita. Hayo yatakuokoa baadaye kuliko kasi. Akishakomaa, anza kwa kilomita 2, uongeze kidogo kila wiki kama ungemwongezea mtu mgeni wa mbio. Kwenye lami, weka mgongo wa mkono chini: ukishindwa kuvumilia hadi kuhesabu saba, nyayo zake nazo zitaungua. Mkifika nyumbani kagua vidole, mbigili hujificha katikati.

Ugali na dagaa vinamtosha mbwa anayekimbia?

Ugali hujaza, misuli hujengwa na nyama, dagaa, mayai, maini. Anayekimbia anahitaji hivyo zaidi ya mbwa wa geti. Dagaa wa chumvi walowekwe na kumwagwa maji kwanza. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha, usimpe. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Jambo linaloua mbwa wengi wetu kimyakimya ni unga. Tuna desturi ya kuwapikia mbwa mahindi yaliyoharibika na pumba za mwisho wa gunia, zile ambazo mtu hazili. Kuvu wa humo hutengeneza sumukuvu inayoharibu ini, na mbwa huathirika nayo upesi. Macho yanakuwa manjano, anakataa kula, anatapika, anakufa, na watu wanasema amelogwa au amewekewa sumu na jirani. Kama wewe huwezi kula unga ule, naye usimpikie.

Mlishe saa mbili hivi kabla ya kukimbia au baada ya kupoa. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hilo linaua kwa saa chache.

Chanjo gani, na kupe tufanyeje?

Chanjo za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huanza miezi 3, kisha kila mwaka. Mbwa anayetoka nanyi hukutana na mbwa wasio na wenyewe, hivyo hii ya mwisho haina mjadala. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Mtoto akiumwa na mbwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Kupe huleta homa zinazomaliza damu: mbwa aliyekuwa anakuvuta kilimani anabaki nyuma, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai. Dawa ya kupe kila mwezi, mkono kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mkienda maeneo yenye mbung'o, jicho lake likifunga ukungu wa bluu, mwambie daktari mlikokuwa, maana malale ya wanyama humwangusha mbwa upesi.

Tunaweza kwenda naye hifadhini?

Hifadhi za taifa, Tanzania na Kenya, mbwa wa kufugwa haruhusiwi, na sababu ni nzito. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Ndiyo maana chanjo ya mbwa wako inamhusu hata simba ambaye hutamwona.

Nairobi, msitu wa Karura hupokea mbwa waliofungwa kamba. Sisi huku tunatumia njia za mashamba ya kahawa na barabara za vumbi, tukiwa tumewaomba wenye mashamba. Tunabeba mfuko wa kinyesi, na tukimwona mtu mbele tunafupisha kamba kabla hajaogopa.

Majirani zetu ni Waislamu, na dada anayetusaidia pia. Tufanyeje?

Heshima kwanza, na inawezekana kabisa. Kwa mafundisho ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na kumtendea mnyama wema ni amri. Kwa hiyo kwa jirani au dada shida kubwa ni mate na unyevu wa mbwa kumgusa mwilini au kwenye nguo.

Nyumbani kwetu vyombo vya mbwa vina bomba lake nje, yeye haingii jikoni, na kumlisha na kumwogesha si kazi ya dada. Ni kazi ya watoto na yangu. Mbwa amefundishwa kutorukia mtu. Jirani yetu, mzee wa msikiti, alikuwa akivuka barabara akituona. Siku hizi anasimama, sisi tunakaa na mbwa upande wa pili, tunasalimiana vizuri.

Dume au jike?

Kwa mazoezi hakuna tofauti kubwa. Dume asiyehasiwa hufuata harufu na kupotea, huleta pia ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, uliojaa kwa mbwa wa mitaani. Jike akiingia joto mtakaa ndani wiki tatu. Hasi dume, funga kizazi cha jike, daktari akuambie umri unaofaa kwa ukubwa wake.

Tumeshanunua, na hatumwezi. Tufanye nini?

Kwanza rudi kwenye ile karatasi ya Jumanne. Mara nyingi dakika 40 za alfajiri zikipatikana kweli, kwa wiki tatu mfululizo, mbwa hubadilika mpaka watu wa nyumbani wanashangaa. Kama hazipatikani, lipa kijana mwaminifu wa mtaani amtembeze, akae naye kwanza akizoeana naye mbele yako.

Ikishindikana, usimtupe sokoni wala barabarani. Kwa Tanzania kumtelekeza mnyama ni kinyume cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata bila sheria, mbwa wa geti hajui kutafuta chakula. Zungumza na daktari wa mifugo, yeye hujua nani amefiwa na mbwa. Walio Nairobi wazungumze na KSPCA, shirika la kutunza wanyama. Na tafuta miongoni mwa wakimbiaji. Familia moja ya Njiro ilikuwa na dume la Shepherd lililovunja mlango wa banda mara mbili, na walishakata tamaa. Tulimkutanisha na mwanafunzi mmoja wa chuo anayejiandaa kwa mbio za Kilimanjaro. Saa 11 na nusu alfajiri huwasikia wakipita getini kwetu, kucha zikigonga changarawe, na mbwa wetu anainua kichwa kabla mimi sijafunga kamba za viatu.